Rudi Nyuma, Usiende Mbele

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na daftari hili nimelianza leo, basi tuone nani atachoka kwanza. Mama ndiye aliyeninunulia. Anasema nikirudi kazini naongea mpaka sufuria zinaomba likizo, kwa hiyo maneno mengine niyaweke kwenye karatasi naye apumzike.

Haya. Ofisi yetu iko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Tuko watatu: Bosi, ambaye ni mwanamke na ndiye anayetafuta kazi na kuongea na wateja; Mwalimu; na mimi. Tunaandika programu za kompyuta. Wateja wetu wakubwa ni wawili, karakana ya mabasi na kliniki iliyo nyuma ya soko. Karakana inataka kukumbushwa basi lipi lifanyiwe matengenezo lini. Kliniki inataka wagonjwa watumiwe ujumbe wa simu kuwakumbusha siku ya kuja kuchukua dawa.

Mwalimu alifundisha hesabu miaka thelathini na moja, akastaafu, akakaa nyumbani miezi minne, mkewe akamwambia atafute pa kwenda. Akajifunza kuandika programu akiwa na mvi kichwa kizima. Anaandika polepole kama mtu anayechambua mchele. Mimi wananiita Chapuchapu, na sijawahi kulikataa jina hilo.

Jumanne, 5 Machi

Paa linavuja juu ya meza yangu. Ndoo.

Jumatano, 6 Machi

Mwalimu ametumia siku nzima kwenye mistari kumi na miwili. Ni methodi moja, yaani kipande cha maagizo chenye jina lake. Ukikiita, kinafanya kazi yake. Hii inaitwa siku_ijayo. Unaipa siku mgonjwa aliyochukua dawa na idadi ya vidonge, inakupa siku ya kurudi. Siku hiyo ikiangukia wakati kliniki imefungwa, inarudi nyuma siku moja moja hadi ipate siku iliyo wazi. Leo ameifundisha kusoma pia orodha ya siku za kufunga ambazo nesi wa kliniki anaziingiza mwenyewe.

Juu yake ameandika maelezo kwa Kiswahili: Rudi nyuma, usiende mbele. Vidonge havisubiri mlango ufunguliwe. Nikamwambia Mwalimu, shairi hilo kompyuta hailisomi. Akasema hakuiandikia kompyuta.

Yeye mwenyewe anameza dawa ya presha, saa nne kila siku, na akishameza anahesabu vilivyobaki kwenye kikopo kwa sauti ya darasani. Leo vilikuwa ishirini na viwili. Nimeshazijua hesabu za presha ya Mwalimu kuliko za mwezi wangu mwenyewe.

Alipomaliza alikwenda kwenye Lango. Hilo ni jina tulilolipa kompyuta kuukuu iliyo pembeni. Kazi yoyote ikitoka kwetu kwenda kwa wateja inapitia hapo, na inapita kwa jina moja la ofisi, hata anayeipitisha awe nani. Ndiyo maana pembeni kuna Kitabu, kimefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Ukipitisha kitu unaandika tarehe, jina lako na ulichobadilisha. Bosi anasema Kitabu ndicho shahidi wetu. Mwalimu aliandika mistari mitatu kwa mwandiko wa ubaoni.

Ijumaa, 8 Machi

Nesi wa kliniki amepiga simu asubuhi. Mtandao ukikatika kwa mvua, ujumbe wa wagonjwa unapotea na hautumwi tena. Bosi akataka jibu kabla ya saa tisa. Mimi jibu nilikuwa nalo mfukoni.

Iko hivi. Methodi tunazipanga kwenye moduli, na moduli ni kama kabati la vyombo: sehemu yoyote ya programu inayotaka chombo inaazima kabati zima. Sehemu inayomhusu kila mgonjwa, ile tunayoiita klasi ya Mgonjwa, ilikuwa inaazima kabati la Mwalimu, la Kliniki. Mimi nina kabati langu, la Karakana, na ndani yake kuna methodi ya kurudia kutuma ujumbe hadi ufike. Nikaongeza mstari mmoja tu chini ya ule wa Mwalimu: iazime na la kwangu. Maneno mawili kwa lugha ya kompyuta. Nikajaribu kutuma, ukafika, nikaupitisha Langoni, nikamwambia Bosi tayari. Akatazama saa yake akacheka. Saa nne na nusu.

Kitabu kilikuwa kimelowa kwa tone la paa na Mwalimu alikuwa amekianika mbele ya feni. Nitaandika Jumatatu.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Nimesahau mwavuli kazini, kwa hiyo nimelowa kwenda na kurudi.

Alhamisi, 14 Machi

Kliniki imeng'oka mabati upande mmoja. Nesi ameingiza siku za kufunga kwa ajili ya mafundi: Jumatatu hadi Jumatano wiki ijayo. Bosi amesema mbele ya Mwalimu kwamba ofisi ikipanuka atahitaji mkuu wa mafundi, na akaniangalia mimi. Mwalimu akanipongeza kwa moyo mmoja. Nilitembea na kichwa juu mpaka nikakanyaga ndoo.

Alhamisi, 21 Machi

Siku mbaya. Kliniki imefunguliwa leo, na nesi alipiga simu kabla hatujavua makoti. Watu wamejaa mlangoni, wengi wao dawa ziliisha tangu Jumapili. Programu, badala ya kuwaita Jumamosi kabla ya kufunga, imewaita leo, baada ya kufungua. Siku nne bila dawa.

Bosi alikwenda kwenye Kitabu akapekua. Mambo ya tarehe za kliniki yalikuwa na mtu mmoja tu: Mwalimu, tarehe sita Machi, siku_ijayo, nimeongeza siku za kufunga. Akaweka kidole hapo akamwita.

Mwalimu alivaa miwani, akasoma maandishi yake mwenyewe, akasema, "Basi itakuwa ni mimi." Alisema upesi hivyo, kama mtu anayeshika mlango ili mwingine apite.

Ijumaa, 22 Machi

Mwalimu ameichapa methodi yake kwenye karatasi na anaisoma na rula, mstari kwa mstari. Ameijaribu peke yake mara nyingi, kila mara inajibu sawa: Jumapili inarudi Jumamosi. Hapa mezani sawa, kule kliniki si sawa. Nikamtania, nikamwambia labda ikifika kliniki inaugua. Akacheka kidogo akarudi kwenye rula.

Jumatatu, 25 Machi

Nesi amekuja mwenyewe, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Kuna mgonjwa wao, mama mmoja fundi cherehani, ana kifafa. Alikuwa hajaanguka mwaka wa tatu sasa. Vidonge vyake viliisha Jumamosi ile ya tarehe kumi na sita, ujumbe wetu ukamwambia aje Alhamisi. Jumatano alianguka akipiga pasi. Mkono wa kulia umeungua vibaya. Yuko hai, kashatoka hospitali, ila hawajui kama vidole viwili vitakunjuka.

Mwalimu alikaa. Kikopo chake cha dawa kilikuwa mezani na saa nne ilipita bila yeye kukigusa. Ilibidi nimkumbushe mimi.

Jumanne, 26 Machi

Nitaandika hili lote, kwa sababu pengine sitamwambia mtu.

Asubuhi nilitaka kumsaidia Mwalimu. Kweli nilitaka, hilo angalau liandikwe. Nikasema badala ya kuijaribu methodi peke yake, nimwombe mgonjwa kamili, yaani klasi ya Mgonjwa nzima, aniambie siku yake ya kurudi. Nikampa Jumapili. Akajibu Jumatatu.

Nikampa Jumapili nyingine. Jumatatu.

Nikaiuliza programu swali ambalo Mwalimu hakujua kuliuliza: hii siku_ijayo unayoitumia, umeitoa kwenye kabati la nani? Ikajibu: Karakana.

Kabati langu. Mwaka jana niliwaandikia watu wa mabasi methodi ya siku ya matengenezo, na mimi nayo niliiita siku_ijayo, maana jina lilikuwa jepesi na nilikuwa na haraka, lini sina haraka. Yangu nayo inasoma orodha ya siku za kufunga ya yeyote anayeiita, ila pakiwa pamefungwa inasogea mbele. Basi likisubiri siku nne linashika vumbi tu. Sasa klasi moja ikiazima makabati mawili, na kila kabati lina methodi ya jina lile lile, lugha yetu hailalamiki. Haitoi onyo wala haiulizi. Inachukua ile iliyoazimwa mwisho. Ya mwisho ni ya kwangu. Mstari wangu wa maneno mawili ulikaa chini ya mstari wa Mwalimu, na kuanzia tarehe nane Machi methodi yake, yenye shairi lake juu, haijaitwa hata mara moja. Anayoisoma na rula siku zote hizi haifanyi kazi popote. Imekaa tu kabatini.

Nilikwenda chooni nikafunga mlango. Nikanawa uso. Niliporudi Mwalimu aliinua kichwa akaniuliza, "Umeona chochote, mwanangu?"

Nikasema, "Bado, Mwalimu."

Sijui kwa nini. Nadanganya tena, najua. Niliuona akilini mkono wa yule mama. Nikaliona jina langu Kitabuni pale ambapo halipo. Nikamwona Bosi akiniangalia si kama alivyoniangalia siku ile. Na nilifikiri, Mungu anisamehe, kwamba Mwalimu amekwisha kusema ni yeye, basi neno limeshasemwa.

Saa saba walipokwenda kula nikaibadilisha methodi yangu jina, nikaiita siku_ya_basi, nikairekebisha kila inapoitwa, nikaipitisha Langoni. Kitabu kilikuwa hapo, kikavu, na kalamu yake. Sikuandika. Saa tisa Mwalimu naye akaja Langoni. Alikuwa ameiandika methodi yake upya yote, kwa njia nyingine, kwa sababu hajui tena afanye nini. Akaipitisha. Akaandika mistari minne kwa mwandiko wa ubaoni.

Alhamisi, 28 Machi

Nesi amepiga simu: tarehe zimekaa sawa tangu juzi. Bosi akafungua Kitabu, tarehe ishirini na sita, Mwalimu, nimeandika upya. Akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele: "Umeona, Mwalimu. Ilikuwa kwako."

Mwalimu akasema, "Ile ya zamani nimeisoma zaidi ya mara arobaini. Mpaka leo sioni palipo na kosa." Halafu akavua miwani, akaitazama kama yenyewe ndiyo iliyomdanganya.

Nilichokuwa nimekitengeneza kwa siri ndicho kilichomfunga. Ningeacha ubovu uendelee siku mbili, angejua kwamba kuandika upya hakukusaidia, angetafuta kwingine, angenifikia. Nimeziba tundu yeye akiwa ndani.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Sina la kuandika. Ninalo, sitaki.

Ijumaa, 5 Aprili

Mwalimu aliomba ruhusa kwenda kumwona fundi cherehani. Bosi akasema nimsindikize, maana barabara ni mbaya na yeye hayaamini macho yake siku hizi. Nilitafuta udhuru nikakosa.

Chumba chake ni kidogo, cherehani mbili, moja imefunikwa shuka. Gauni la watu limening'inia likiwa na mkono mmoja tu. Yeye alikuwa amekaa kitandani na bandeji mpaka kiwiko. Mwalimu hakukubali kukaa. Alisema, "Mama, shida yako imetoka kwangu. Mimi ndiye niliyezihesabu siku zako, na nilizihesabu vibaya. Nimekuja kuomba radhi."

Yule mama akamtazama muda mrefu. Hakuwa na hasira, na mimi ningependa awe nayo. Akasema vidonge aliona vimeisha, na alitaka kuja kliniki mwenyewe ile Jumamosi. "Lakini simu ilisema Alhamisi, mzee. Nikasema ninyi mnajua zaidi yangu."

Halafu akanigeukia, na wewe dada? Kabla sijafungua mdomo Mwalimu akasema, "Huyu ni mwenzangu tu, amenisindikiza. Hahusiki."

Nilikuwa nimeshika miavuli miwili inadondosha maji sakafuni mwa watu. Nikaomba tambara nikapangusa. Nilipangusa sehemu kubwa kuliko iliyolowa.

Jumatatu, 8 Aprili

Sikula. Mama anauliza kama nina mtu. Nikamwambia ndiyo, ana miaka sitini na kitu na ana presha. Hakucheka.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo Mwalimu ameniita mezani kwake, amepunguza sauti. Ameandika kwenye karatasi: 48 + 37. Akaniuliza jibu. Nikasema themanini na tano. Akageuza karatasi, nyuma alikuwa ameandika 85. Akashusha pumzi. "Nihakikishie tu mara moja moja, mwanangu. Nisipokuuliza siwi na uhakika."

Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Nusu ya mji huu inajua kujumlisha kwa sababu yake.

Na lingine. Saa nne alimeza kidonge na hakuhesabu. Nikamuuliza, vimebaki vingapi? Akasema siku hizi anahesabu mkewe nyumbani, yeye aliwahi kufikia kumi na nne akaanza kujiuliza kama kumi na tatu alishaitaja. Akasema hayo akitabasamu. Kuna watu wakiona aibu wanatabasamu. Aibu yenyewe ilikuwa yangu, yeye alikuwa amenibebea tu.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua mpaka ndani ya viatu, nimetoka kazini mapema. Mama amenikuta nimekaa gizani jikoni mchana kweupe, dirisha limefungwa. Akaanza kuosha vikombe visafi. Baada ya muda akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nikamwambia mimi si mgonjwa. Akasema hakusema mgonjwa ni nani.

Jumatatu, 22 Aprili

Mwalimu amemwandikia Bosi barua. Anaomba apumzike mwisho wa mwezi. Ameandika kwamba kichwa chake hakiaminiki tena na kazi hii ni ya mtu ambaye wengine wanaweza kumwamini. Bosi aliisoma kwa sauti, akaikunja, akasema ni heri ameona mwenyewe. Kisha akaniambia nijiandae, mkuu wa mafundi ni mimi, na meza ya Mwalimu ya dirishani, isiyovuja, nayo ni yangu.

Nilisema ahsante. Nimeiandika hapa nione inavyoonekana. Ahsante.

Alhamisi, 25 Aprili

Leo nilisimama mbele ya meza yake na maneno yote kinywani. Akaniuliza, saba mara nane ni hamsini na sita, siyo? Nikasema ndiyo, nikarudi kukaa.

Jumanne, 30 Aprili

Ameondoka. Bosi alileta chai na keki ya dukani. Mwalimu alifunga rula, miwani ya akiba na kikombe kwenye gazeti. Akaniachia ile karatasi ya methodi yake, iliyochakaa, imejaa alama za penseli. Akasema niendelee kuitazama nikipata nafasi, siku nikiona kosa nimpigie simu hata kama ni saa ngapi, maana anataka tu kulijua. Halafu akasema amefurahi kwamba wagonjwa wameachwa kwa mtu mwenye macho.

Nilimshika mkono kwenye ngazi. Ngazi zilikuwa zinateleza, basi ikaonekana namsaidia kushuka.

Jumatano, 1 Mei

Sikulala. Siandiki kuhusu kutolala.

Ijumaa, 3 Mei

Nimemwambia Bosi. Nilifunga mlango wake nikasimama, kwa sababu kiti kingenifanya niseme nusu. Nikamwambia yote: kabati, jina, mstari wa tarehe nane, kubadilisha kwa siri saa saba. Alinisikiliza akichezea kifuniko cha kalamu. Alipokasirika alikasirika kweli, na nikashukuru. Aliniita mwoga. Ni neno sahihi.

Kisha akatulia, na hapo ndipo alipoanza kunitisha. Akasema kliniki imeshaambiwa ni kosa la mzee aliyekwisha kuondoka, nao wamelipokea. Tukifungua tena tutapoteza mteja. Mwalimu mwenyewe amepumzika, umri wake ni wa kupumzika, kwa nini nimwamshie mambo. "Umeniambia mimi, inatosha. Nenda kafanye kazi."

Nilitoka na ruhusa ya kunyamaza. Nilikuwa nimeitaka wiki tano. Nikakaa kwenye meza ya dirishani, isiyovuja, nikaiangalia kamba ya Kitabu mpaka saa kumi na moja.

Nilipoondoka sikumuaga. Jumatatu aje anifukuze akitaka.

Jumapili, 5 Mei

Mvua ilikuwa manyunyu tu. Nilipotea njia mara mbili kufika kwa Mwalimu, nikauliza kwa kinyozi, wakanijibu kwa kuniamkia vizuri, kumbe wote amewafundisha.

Mkewe alinifungulia. Nikamwamkia, akanikaribisha, akasema mzee atafurahi, hapati watu wa kazini. Mwalimu alikuwa amekaa mezani, redio imezimwa. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Umeliona kosa?

Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima. Nikasema, "Nimeliona, Mwalimu. Halikuwa kwako. Lilikuwa kwangu."

Akanisukumia karatasi na penseli. Nikachora makabati mawili. Nikaandika siku_ijayo katika kila moja. Nikachora klasi ya Mgonjwa, mstari wake juu, mstari wangu chini. Sikumaliza. Aliweka kidole kwenye mstari wa chini.

"Inaitika ya mwisho," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo yangu haikuitwa kabisa."

"Haikuitwa."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Nilifikiri maswali yamekwisha, nikaanza kusema samahani, akaniinulia kiganja kama anavyonyamazisha darasa.

"Ulijua lini?"

"Tarehe ishirini na sita Machi." Ilibidi nimalizie. "Siku uliyoniuliza kama nimeona chochote. Nilikuwa nimeona. Mlipokwenda kula nikarekebisha kwa siri, sikuandika Kitabuni."

Akatazama juu kidogo, midomo ikicheza. Alikuwa anahesabu. "Siku arobaini," akasema. Kisha nikaona uso wake ukiyumba, akageuka kumtafuta mkewe. "Ni arobaini?"

Mke wake alikwenda kwenye kalenda ya ukutani akapitisha kidole, Machi, Aprili, Mei. Akayaelekeza macho yake kwangu, si kwa mumewe. "Ni arobaini," akasema.

Sijawahi kuaibika namna ile na sidhani kama mwili una nafasi ya zaidi. Nilitamani anipige na rula.

Hakunipiga wala hakusema amenisamehe. Nami sikumuuliza. Alikaa akiitazama ile karatasi, akasema polepole, si kwangu, "Kwa hiyo sikukosea." Akairudia. Halafu akaniambia mambo mawili. Kesho niandike Kitabuni, mistari yote miwili, tarehe zake za kweli, nafasi isipotosha niandike pembeni. Na niende kwa fundi cherehani. "Mimi kule nilikwenda kwa niaba yako, na sikujua. Safari hii uende kwa miguu yako, na useme kwa mdomo wako."

Nikasema nitakwenda. Nikasimama. Mkewe hakunizuia, wala hakuniaga kama mtu aliyekaribishwa.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni saa ya ukutani ilipogonga saa nne. Mkewe, kwa mazoea, alichukua kikopo cha dawa kwenye kabati, akafungua kifuniko, akaanza kumimina vidonge kiganjani mwake ahesabu. Mwalimu akamshika mkono.

"Niachie mimi," akasema.

Akavimwaga mezani. Akameza kimoja, vingine akavivuta kwa kidole kimoja kimoja, kwa sauti ya darasani, iliyokuwa ikitetemeka mwanzoni na baadaye haikutetemeka. Alifika kumi na saba, akafunga kikopo. Hakumuuliza mtu.